Zipu

Koti lilinifikia ndani ya mfuko wa salfeti,
likinuka mawese na moshi wa dagaa.
Bi. Mwavita binti Feruzi alilitoa polepole,
akaliweka mezani pangu kama mtu anayemlaza mgonjwa.
"La baba," akasema. "Vita vya Mjerumani.
Ndege ya maji ilianguka hapo Bangwe,
baba akamvuta rubani kwa upondo.
Mzungu akavua koti, akampa,
akabaki kutetemeka peke yake."

Nikaandika. Kazi yangu ni kuandika.
Alipoondoka nikavaa glavu, nikasogeza taa:

ngozi ya mbuzi, rangi ya kahawa iliyomwagika jana;
kola ya manyoya ya kondoo, nondo wamekula nusu, nusu wamesaza;
mgongoni mikunjo miwili, ya mtu anayenyoosha mikono
kushika kitu kilicho mbali;
kwapani vitundu vya kupumulia.
Kiwiko cha kulia kimeshonwa kwa uzi wa nyavu,
mshono wa mtu mwenye haraka.
Ndani ya ukingo wa kifua, herufi tatu
zilizotobolewa kwa sindano:
jeshi la majini la Marekani.

Na zipu.

Hapo nikazima taa.
Maana mwaka ule wa ndege za maji
marubani walijifunga kwa vifungo na mikanda.
Koti hili ni la vita vya pili.
Limemkosa Feruzi kwa miaka ishirini na ushei.

Siku tatu sikumpigia simu.
Nilipekua orodha, picha, barua za makumbusho ya mbali,
nikahesabu meno ya shaba kwa kioo cha kukuzia,
nikitafuta jino moja linitetee.
Mimi, au yeye? Sikujua.
Siku ya nne nikaenda Ujiji kwa miguu,
maneno laini nimeyapanga mdomoni
kama mjumbe wa tanzia.

Alikuwa anapepeta mchele. Hakuinua uso.
"Zipu naijua. Nani, unadhani,
aliipaka mawese kila Ramadhani isiote kutu?"

Akapuliza pumba.
"Baba alikuwa na hadithi, hana kitu cha kuonyesha.
Baba mdogo, Mlongecha, alirudi kutoka Burma
na koti hili, na mdomo uliofungwa.
Alibadilishana na nani, kwa sigara ngapi,
au alimvua maiti? Aliulizwa mara moja tu.
Miezi minne alikaa barazani amelivaa,
jua la saa saba, jasho linachuruzika,
zipu mpaka kidevuni.
Halafu akavuka kwenda upande wa Kongo,
akaliacha kwenye msumari.
Mama hakutaka watoto wauulize msumari ule maswali.
Akatwaa hadithi ya huyu, akaivisha koti la yule.
Ikakaa. Mabega yao yalikuwa sawa."

Fomu yangu ina visanduku.
Mmiliki wa kwanza: hajulikani.
Lilipatikana wapi: niliandika Burma, nikafuta,
nikaandika Bangwe, nikafuta,
nikaandika msumarini, Ujiji. Mkuu wangu atauliza.
Maelezo: wametoa mistari minne.
Nimebana karatasi tatu kwa pini,
ya Feruzi juu, ya Mlongecha chini,
kisha nikazigeuza, kisha nikazirudisha.

"Mtalitundika?" aliniuliza nikiwa mlangoni.
Nikamwambia hapana, litalazwa,
sandukuni, kwenye karatasi laini,
mbali na jua, mbali na unyevu wa ziwa.
"Basi litalala vizuri kunishinda."
Akakung'uta ungo.
"Na mimi masika nitajifunika nini?"

Hakuna kisanduku cha hilo.
Nilipita soko la Mwanga, nikanunua blanketi la mistari,
nikarudi nalo siku ileile, giza limeshaingia.
Risiti ninayo bado.
Sijui niibandike wapi.